Nyumbani Uko na Nani?

Mtu akikuuliza kichwa kinauma upande gani, huyo anataka kukutibu. Akikuuliza nyumbani unaishi na nani, huyo ana lake jambo. Ndivyo nilivyokuwa nikiona mambo, na ndivyo nilivyomwangalia yule kijana wa zahanati yetu siku alipoweka kalamu mezani, akanitazama usoni na kusema, "Mama, nyumbani uko na nani?"

Nilikuwa nimekwenda kupima presha. Kichwa kilinigonga tangu alfajiri, kifua kinabana, mbele ya macho naona vimulimuli mchana kweupe. Wale matabibu waliomtangulia walikuwa na adabu zao: unakaa, unafungwa kipimo mkononi, wanaguna, wanakuongezea dawa, unakwenda zako. Huyu mpya, Mushumbusi, alipima mkono wa kushoto, akapima wa kulia, akaniacha nikae kidogo, akapima tena. Kisha akafunga mlango. Mlango wa zahanati ile haujawahi kufungwa tangu ijengwe, na mimi macho yangu yakabaki kwenye kitasa.

"Dawa umeongezewa na kuongezewa, presha inapanda tu," alisema. "Mwili peke yake haufanyi hivi. Usiku unapata usingizi?"

"Napata."

"Chakula?"

"Kwani naonekana sili?"

"Labda kuna jambo linakusumbua moyoni."

"Kinachonisumbua ni kichwa, daktari. Nimeleta kichwa. Nyumba yangu nimeiacha nyumbani."

Akacheka, tena kicheko cha kweli, ndipo akaniuliza swali lile. Sikumjibu. Akajaribu njia nyingine: nimeolewa kwa nani? Hapo sikuona hatari, nikamtajia marehemu Julius na ukoo wake. Uso wa kijana ukachangamka. Kumbe yeye kwao ni Ijuganyondo, kule Bukoba, lakini ukoo ni huo huo, mnyama wasiyemla ni huyo huyo, na babu yake alihamia huko kutoka huku huku Muleba. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Kumbe wewe ni mke wetu!" akasema.

Kwetu Wahaya hilo ni neno la heshima. Mwanamume wa ukoo wa mumeo, hata kama hamjawahi kuonana, hata kama ni kijana wa kumzaa, ana haki ya kukuita mke wetu, nawe unacheka, mnataniana, na kama mko njiani safari inakuwa fupi. Najua alitaka nifunguke. Lakini mtu wa mwisho kuniita hivyo alikuwa shemeji yangu Kaijage, na siku aliponiita hivyo ndipo usingizi uliponihama. Niliuchomoa mkono wangu nikaenda zangu, hata kadi ya kliniki nikaisahau mezani kwake.

Kaijage ni mdogo wa Julius, nyumba yake na yangu zinatenganishwa na migomba tu. Siku ya kuondoa matanga alisimama mbele ya watu akasema nisiwe na wasiwasi, mimi ni mke wao, nitatunzwa pamoja na kibanja, shamba aliloliacha Julius. Pamoja na kibanja! Watu wakaitikia vizuri, wengine wakafuta machozi. Mimi nikajua nimekwisha kuwekwa fungu moja na mibuni. Mtoto ninaye mmoja tu, Nancy, anafundisha shule huko Bukoba, Kahororo, na amepanga Kashai. Mwana wa kiume sikujaliwa, na kwa macho ya Kaijage mjane asiye na mwana wa kiume ni mpangaji tu.

Hakuwahi kuniambia toka. Watu wa aina yake hawasemi toka. Alianza kwa kukiita kibanja "shamba la mzee wetu". Akaja kukata mkungu wa ndizi bila kubisha hodi, kwa madai kwamba mgeni wake amefika ghafla. Halafu siku moja natoka kwenda kupalilia, naona omulamula, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, imesogea. Haikusogea sana. Imesogea kiasi cha mtu kukuambia macho yako yamezeeka. Udongo kwenye mashina ulikuwa mpya, na kule ilikokuwa zamani palifunikwa majani makavu vizuri kabisa. Kaburi la Julius liko upande ule, na kwa mwendo ule wa mpaka, lingefikiwa.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Jumuiya nzima ninayosali nayo ni wao kwa wao, huyu mjomba, huyu shangazi. Nikaacha kwenda jumuiya. Nikanunua makomeo. Mlango wa mbele komeo, wa nyuma komeo, chumbani kwangu komeo. Mtu akileta chakula napokea, nashukuru, nakimwaga kwenye shimo la taka.

Sasa kuhusu dawa, nisikilize vizuri. Kwetu anayekukaribisha rubisi, pombe yetu ya ndizi, huonja kwanza mbele yako, ndipo akupe. Si adabu tu, ni kukuonyesha kwamba mle ndani hamna kitu. Kahawa ya kutafuna vile vile, mwenyeji huokota punje zake kwanza. Dawa zangu za presha nilikuwa naletewa na Vestina, kwa kuwa zahanati iko mbali na yeye ndiye mhudumu wa afya wa kitongoji chetu, na begi lake la mgongoni na fulana yake waliyomgawia. Vestina ni nani? Mke wa Kaijage. Aniletee vidonge vimefungwa kwenye kikaratasi, havijaonjwa na mtu, vimepitia nyumba ile, vimelala nyumba ile, nami nimeze? Nilikuwa napokea, nasema asante shemeji, akiondoka navitia kwenye kopo la maziwa ya unga na kulisukuma chini ya kitanda. Kile kipimo cha zahanati kilipanda kwa sababu hiyo, na mimi nililijua hilo vizuri kuliko daktari. Ila kufa kwa presha nilikuona ni kufa kwangu mwenyewe. Kufa kwa mkono wa Kaijage nilikataa.

Haikupita wiki, yule kijana akaja nyumbani kwa pikipiki, ati ananiletea kadi yangu. Kadi gani ya kumtoa daktari zahanati? Nilimpa kigoda akakaa ukumbini. Kahawa sikumpa. Kwa Mhaya hilo ni tusi, na yeye ni Mhaya, aliliona akalimeza. Macho yake yakatembea: mlango, komeo, dirisha, komeo.

"Makomeo yote haya ni ya nini, mama?"

"Wezi."

"Wanaiba nini?"

"Muulize mwizi."

Alikuna kidevu. "Mama, mimi nimefundishwa kwamba mgonjwa si mshipa wa damu tu. Ana nyumba, ana watu, ana hofu. Nikitibu mshipa nikaiacha hofu, nafanya kazi ya bure. Kama hutaki kuniambia mimi, ni sawa. Ila niambie ndugu mmoja wa karibu, nimwombe awe anakuangalia."

"Sina."

"Hata mmoja?"

"Umekuja kuhesabu ndugu zangu?"

Akaaga. Nikamsikiliza akiwasha pikipiki. Nikamsikiliza akiondoka. Halafu nikasikia pikipiki ile ile ikizima, tena karibu, upande wa pili wa migomba yangu. Nikachukua panga kama mtu anayekwenda kukata majani, nikapita katikati ya mibuni hadi pale ninapoona ua wa Kaijage bila wao kuniona.

Alikuwa amekaa. Kaijage amemwekea kile kikapu kidogo cha kahawa, ameonja kwanza, kijana naye anatafuna, wamegusana magoti kama ndugu waliopotezana. Vestina alisimama mlangoni pa jiko, mikono ameikunja. Maneno yalinifikia vipande vipande, upepo ukiyachukua na kuyarudisha. Halali. Anaogopa. Yuko peke yake. Na Kaijage anatikisa kichwa kwa huruma, huruma ambayo sijawahi kuiona usoni mwake hata siku ya kumzika kaka yake.

Basi, nikasema. Ndiyo hiyo. Swali la nyumbani uko na nani lilikuwa la Kaijage, lilipitia tu mdomo wa daktari.

Asubuhi iliyofuata nilifunga mlango, nikaficha ufunguo pale nisipouficha siku zote, nikatia lile kopo kwenye kikapu na kupanda Hiace ya Bukoba. Nancy alikuwa bado hajatoka shule. Nikazunguka Kashai na kopo langu mpaka nikaona duka la dawa lenye mtu mzima ndani, nikamwagia vidonge juu ya kaunta.

"Hizi ni nini?"

Akavaa miwani, akavigeuza. "Za presha hizi, mama. Ni nzuri. Mbona nyingi hivi, humezi?"

"Una hakika hazijatiwa kitu?"

"Kitu gani?"

"Kitu."

Alinitazama, akatazama wateja waliokuwa nyuma yangu, akaanza kuvirudisha kwenye kopo polepole kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Niliijua sauti ile. Ndiyo wanayomtolea mtu waliyekwisha kumwona kichaa. Nikamnyang'anya kopo nikatoka.

Nancy alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya chumba chake. Alinikumbatia, akanipikia ndizi na maharage, nami nikala, nikala kwa kweli, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikala bila kunusa. Nilikuwa nataka kumwambia yote. Nilikwisha kufungua mdomo simu yake ilipolia. Akapokea, akasema, "Shikamoo baba mdogo," akainuka kwenda nje kuzungumzia huko. Mwanangu, kwenda nje!

Aliporudi hakukaa. "Mama, baba mdogo anasema daktari amemwambia umechanganyikiwa. Hulali, unaogopa watu, unajifungia. Ukoo unakaa Jumamosi nyumbani kwako. Anataka nikuchukue uje ukae na mimi hapa, yeye abaki anaangalia kibanja mpaka upone."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimemwambia nitaongea na wewe." Akashusha pumzi. "Lakini mama, kukaa na mimi kuna ubaya gani? Umekonda. Umekuja na kopo la dawa huzimezi. Mimi nalala huku nawaza, siku moja nitapigiwa simu kwamba umekutwa umeanguka."

Nilimwangalia binti yangu niliyembeba mgongoni nikivuna kahawa, nikajiuliza na huyu wamempa nini. Haya ndiyo mawazo niliyokuwa nayo, na sitayaficha. Hofu ikikaa ndani ya mtu haichagui. Machozi yakanitoka kwa hasira, nikamwambia Jumamosi nitakuwepo nyumbani kwangu, na yeye akitaka aje, akitaka asije, ila mimi nitatoka kwenye kibanja kile nikiwa nimelala chali.

Alikuja. Alibeba kikapu changu njia nzima.

Jumamosi ua wangu ulijaa. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, mzee Kagaruki katikati kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki hai na anayesikia. Kaijage alianza kwa kunisifu. Ole wako mtu huyu akianza kukusifu. Alisema mimi ni mke mwema, nilimtunza kaka yake, lakini sasa naugua, na ugonjwa wenyewe ni wa kichwani. Chakula cha watu namwaga. Kanisani siendi. Akamgeukia Mushumbusi, ambaye naye aliitwa kama mtoto wa ukoo, amekaa nyuma na kofia yake ya pikipiki mapajani.

"Tunaye daktari wetu wenyewe, damu yetu. Mwanangu, simama uwaambie ulichoniambia."

Kijana akasimama.

"Baba Kaijage, nilikuja kwako kuomba kitu kimoja," alisema. "Niliomba ndugu wamkaribie mama huyu, asiwe mpweke. Sikusema amechanganyikiwa. Hata hayo machache niliyosema sikupaswa kuyasema kabla ya kumwomba ruhusa, na hilo ni kosa langu. Niliona ukoo, nikasahau kwamba yeye ni mgonjwa wangu." Akanigeukia. "Nisamehe, mama. Habari zako sizisemi hapa. Ukitaka, utasema mwenyewe."

Akakaa. Watu wakaguna. Kaijage akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeumwa na sisimizi mbele za wageni, akasema si neno, mambo yenyewe yanaonekana hata bila daktari.

Nami nikasimama. Sikuwa nimejiandaa kusimama. Kichwa kilikuwa kinagonga, ua wote unayumba, nikashika nguzo ya ukumbi.

"Huyu kijana aliniuliza nyumbani niko na nani," nikasema. "Sikumjibu. Leo namjibu mbele yenu. Niko peke yangu. Niko na kaburi la Julius na makomeo. Na ninaogopa. Usiku wowote jani la mgomba likianguka mimi nimekaa kitako kitandani na panga. Mnaniita mke wenu. Nani kati yenu amewahi kuja kuniuliza nalalaje? Huyu Kaijage anakuja kuangalia mikungu, haniangalii mimi. Omulamula za mpaka zimetembea. Nendeni mkaangalie, mtaniambia kama mimi ni kichaa au mimea siku hizi ina miguu."

"Mnasikia?" akasema Kaijage. "Mimea inatembea!"

Wengine wakacheka. Kicheko kile kilinimaliza. Nikaingia ndani, nikatoka na kopo, nikalimwaga kwenye mkeka, vidonge vikatawanyika mpaka miguuni kwa mzee Kagaruki.

"Na hizi ni dawa zangu. Zimepita nyumba ya Kaijage, zimeletwa na mke wa Kaijage. Sijameza hata kimoja, nimezilaza chini ya kitanda. Nani aliwahi kunionjea?"

Hapakuwa na aliyecheka tena. Kumtuhumu mtu sumu mbele ya ukoo ni neno ambalo likisha kutoka halirudi. Nancy aliniita kwa sauti ndogo. Nilikuwa namtazama Vestina, nikingoja alie, au anitukane, au akimbie, nijue nilikuwa sahihi.

Vestina alivua ile fulana yake ya mhudumu wa afya aliyovaa juu ya gauni. Akaikunja, akaiweka kwenye mkeka. Akaja hadi pale nilipomwaga, akainama, akaokota kidonge kimoja, akakipangusa vumbi kwa kanga, akakitia mdomoni na kukimeza bila maji.

"Mama Vestina!" Mushumbusi aliruka kutoka kwenye kiti.

"Kitaniua?" Vestina akamuuliza.

"Hapana. Kimoja hakitakudhuru. Lakini kaa kivulini, na ukisikia kizunguzungu uniambie."

"Basi nimeonja." Alinigeukia, macho makavu kabisa. "Mama Nancy, nimekubebea dawa hizi juani na mvuani. Nikiona presha haishuki, nilikuwa nalia nikirudi, nadhani nakosea maelezo, nadhani sikusoma vizuri. Kumbe unazilaza chini ya kitanda! Mimi nikuue wewe? Ili iweje? Wewe ukifukuzwa leo kwa sababu huna mwana wa kiume, mimi kesho kutwa nikifiwa nitabakizwa na nani? Mimi nimezaa wa kike watupu."

"Vestina, kaa chini," Kaijage akasema.

"Nitakaa." Hakukaa. Aliwageukia wazee. "Omulamula zile hazina miguu, waitu, wazee wangu. Aliyezing'oa ni huyu mume wangu, na aliyembebea miche ni mimi. Na majani makavu nilifunika mimi. Aliniambia nikisema, nirudi kwetu."

Sikumbuki nani alizungumza baada ya hapo. Nakumbuka wanaume wakiinuka mmoja mmoja kwenda mgombani, mzee Kagaruki mbele na fimbo yake, na nikasikia wakinyamaza huko, ule unyamavu wa watu wanaochomeka kidole kwenye udongo laini. Waliporudi mzee alisema maneno machache sana. Mpaka urudishwe pale ulipokuwa, na Kaijage aurudishe kwa mkono wake mchana watu wakiona. Kibanja kinabaki kwa mjane wa Julius, mpaka mwisho wa maisha yake. Na mimi ninywe dawa, alisema, kwa sababu ukoo hauwezi kukaa kila mwezi. Kaijage hakupinga. Aliinama akitafuta viatu vyake ambavyo alikuwa amevivaa.

Nancy alinisaidia kuokota vidonge. Mushumbusi alivikataa, akasema vimekaa chini ya kitanda na sasa vimeanguka mchangani, atanipa vingine zahanati, mkono kwa mkono. Nilimwendea na kikapu changu cha kahawa. Nikaokota punje zangu kwanza, nikatafuna akiona, ndipo nikampa. Alitafuna na kunishukuru kwa Kihaya, wala hakuniita mke wetu. Nadhani alijifunza.

Jioni, watu wamekwisha kuondoka, Nancy yuko jikoni, nikasikia mlango wa mbele ukibishwa. Nikachungulia dirishani kwanza, kama kawaida yangu. Vestina alikuwa amesimama na lile begi la mgongoni, ila safari hii limejaa nguo, na sufuria moja mkononi. Shavu moja lilikuwa limevimba.

Sasa nikuambie ukweli wangu. Sikufungua mara moja. Nilisimama pale na mkono kwenye komeo, kichwa changu kikifanya kazi yake ya siku zote. Je, kama wamepanga? Je, kama amepigwa ili nimwonee huruma, aingie, afungue mlango wa nyuma? Je, kama kile kidonge kilikuwa maigizo? Yeye akawa anangoja nje bila kubisha mara ya pili, kama mtu anayejua ndani kuna nini. Halafu nikasikia anakohoa kwa ile baridi ya jioni, nikakumbuka alivyoinama kwenye mkeka wangu kuokota kidonge mavumbini mbele ya mume wake. Nikavuta komeo.

Alilala na Nancy kwenye chumba chake cha utotoni. Mimi usiku ule nilifunga changu kwa ndani, na usiku uliofuata pia. Hakuniuliza. Kila jioni huketi nami, ananipa kidonge changu na maji, na maji yale huyanywa kwanza funda moja, ananitazama, ndipo ananipa kikombe. Nilimwambia siku moja si lazima tena. Akaniambia ni lazima, maana ananijua.

Mwezi ulipokwisha tulikwenda zahanati. Vestina alibaki benchi la nje, akizungumza na akina mama kuhusu vyandarua. Mushumbusi alifunga kipimo, akapima kushoto, akapima kulia, akatabasamu akiangalia mezani asinionyeshe meno yote. Mlango safari hii aliniuliza kwanza kama aufunge, nikamwambia auache wazi.

"Imeshuka, mama. Bado, lakini imeshuka. Unalala?"

"Nalala."

"Unakula?"

"Nakula."

Alisita na kalamu yake. Nilimwona anaogopa swali lake mwenyewe, nikamwacha ahangaike nalo kidogo, maana naye alinihangaisha. Mwishowe akauliza.

"Na nyumbani uko na nani?"

Nikatazama nje kupitia mlango, pale benchini.

"Niko na mke wenu mwingine," nikasema. "Mwite, upime na presha yake."